Meli Ambayo Bibi Hakuiamini

Wiki iliyopita nilimwambia mteja wangu wa soko la Rwekubo kwamba marobota yangu ya mitumba yamekwama bandarini Mombasa. Alinitazama juu mpaka chini, akautazama mlango wa stoo nyuma yangu, akaondoka bila kuaga. Sikumlaumu. Ninayajua macho yale, rafiki yangu, nimelelewa nayo.

Ninauza nguo hapa Mbarara, mji usio na hata harufu ya bahari, na bado karibu kila tunachogusa kimepita bandarini: dizeli, ngano, mbolea, hata shati ulilovaa. Madereva wa malori husema meli zinazidi kuwa kubwa, nafasi ya kushushia mizigo inazidi kuwa finyu, na huko mbele foleni zitakuwa mbaya zaidi. Mimi nikiwasikia huanza kujiuliza wameuza nini njiani. Ndivyo nilivyofunzwa.

Aliyenifunza ni bibi yangu, kule kambi ya wakimbizi ya Nakivale, tulikofika tukitokea Uvira kando ya Ziwa Tanganyika. Enzi hizo chakula cha mgawo kilitolewa ghalani kwa kundi zima la nyumba, kisha jirani mmoja akawapimia wenzake kwa kikombe. Kundi letu lilimchagua mama mmoja Mrundi, mjane, kwa sababu hakuwa na upendeleo. Tuliketi kwenye majani, maharage yakilia ndani ya masufuria, naye akifuta ukingo wa kikombe kwa kidole ili tone la mafuta lisipotee. Kila asubuhi bibi alinituma kwake kuomba kaa la moto, na hakuwahi kuninyima. Nilimpenda sana mama yule.

Mwezi mmoja mafuta hayakuja. Wa pili, vilevile. Mama yule akatueleza alivyoambiwa ghalani: meli imefika bandarini, inangoja zamu ya kushusha.

"Meli ya fasi gani hiyo?" bibi akasema. "Kwetu Uvira, bato ikichelewa ni siku tatu, na ni juu ya upepo. Miezi mbili? Banatudanganya."

Bandari pekee aliyoijua bibi ilikuwa ya ziwani, ambako ukisimama ufukweni unaiona meli yenyewe na unamjua nahodha kwa sura. Kwa hiyo kwake mafuta yalikuwa yamefika zamani, na kuna mtu aliyeyaficha. Kikulacho ki nguoni mwako, alirudia kutwa akichambua mchicha, mpaka wanawake wengine nao wakaanza kumtazama Mrundi kwa jicho la pembeni.

Asubuhi moja alinituma tena kuomba moto, safari hii na kuchungulia. Nilimkuta mama yule anakaanga mandazi. Ndani ya karai mlikuwa na mawese, mekundu, yale yanayoletwa na wachuuzi wa Kongo. Mafuta ya mgawo hayakuwa na wekundu wowote. Nilisimama mlangoni nikaona vizuri kabisa.

"Eko anakaanga?" bibi akauliza niliporudi.

Nikasema anakaanga. Hakuuliza rangi, nami sikuitaja. Alikuwa amefurahi, akanipa ukoko wote wa sufuria, na mimi nilikuwa na njaa. Ninaona aibu hata kuandika hivyo.

Jioni bibi na wanawake wengine wakamnyang'anya kikombe. Baada ya mavuno alihamia kambi ya Oruchinga kwa ndugu yake, na haukupita muda mafuta yakaja, ya miezi yote iliyorukwa. Bibi alipokea ya kwetu, na jambo lile hakulitaja tena mpaka anakufa.

Siku hizi Nakivale hakuna tena kupimiana kwa kikombe. Wengine hupata pesa za mgawo kwa simu, wengine hawapati kitu, na kila nyumba ina kiberiti chake. Jirani anaweza kumaliza mwaka bila kubisha kwako hodi.

Baada ya yule mteja kuondoka nilikosa raha. Jumapili nikafunga duka, nikaenda Oruchinga kumtafuta mama yule. Nilimkuta amezeeka, lakini alinitambua. Nikamweleza yote: bibi, karai, mawese, na mdomo wangu uliofungwa. Alisikiliza akimenya viazi.

"Nilikuwa nimekuona, mwanangu," akasema. "Uliangalia karai muda murefu. Nilingoja useme mpaka mavuno, ndiyo nikaenda."