Nyundo ya Guka Niliyoibeba Mwenyewe

Wiki jana nilinunua jembe Ruiru, rafiki yangu, na mpaka leo nina hasira. Nililima nalo mistari mitatu tu kwenye bustani yangu ya Mugutha, udongo laini kabisa, likapinda kama sikio la mbwa. Nikalirudisha dukani siku hiyo hiyo. Kijana wa duka akaligeuzageuza, akaniita guka, yaani babu, akanionyesha maandishi yaliyogongwa kwenye chuma.

"Guka, hii ni original, imetoka China. Labda ulilima vibaya."

Nikamuuliza kama anajua anasema na nani. Mimi nina diploma ya ufundi wa vyuma kutoka Uingereza, niliyoitafuta kwa jasho langu kabla baba yake hajazaliwa. Nimesimamia tanuri kubwa Thika, wahandisi wakiniita bwana mkubwa. Hilo si jembe, ni bati lililopakwa rangi.

Kijana akacheka, wala si kwa ubaya. "Sawa basi guka, si ututengenezee lako tuuze?"

Niliondoka na jembe langu bovu, na njia nzima pua yangu ikawa imejaa moshi wa makaa ambayo yalizimwa nikiwa mtoto.

Miaka ya hamsini ilipoanza tulikuwa tunakaa Theta, kwenye mteremko wa kwenda mtoni. Guka wangu, babu mzaa baba, alikuwa mhunzi, na baba yake vilevile. Kibanda chake hakikuwa na ukuta, ni paa la nyasi juu ya nguzo nne, na katikati jiwe jeusi la kufulia chuma, nusu yake imezikwa ardhini. Kazi yangu ilikuwa mivukuto, ile mifuko miwili ya ngozi ya mbuzi inayopulizia moto. Huu unapanda, huu unashuka, bila kukosea, maana guka alitaka moto upumue kama mtu aliyelala. Niliiweza kuliko binamu zangu wote, na walio hai hawawezi kukana. Cucu, yaani nyanya, alifukia viazi vitamu pembeni mwa makaa. Tulivila vikiwa na jivu, tukijichoma vidole.

Guka alipiga mapigo mawili mazito na moja jepesi, kisha akatulia. Wanawake waliokuwa mashambani ng'ambo ya mto walitambua kwa mlio tu kama ni jembe au ni kisu. Chuma chenyewe kilikuwa mabaki: springi za lori, misumari mikubwa ya reli, vyuma vilivyotupwa na mashamba ya kahawa ya Ruiru. Jembe lake lilibadilishwa mpini mara nne kabla ya kuisha.

Tayari Thika, mji wa viwanda, ilikuwa inanguruma. King'ora cha kiwanda kililia asubuhi, na hata cucu, aliyepima saa kwa kivuli cha ghala lake, akaanza kusema uji umechelewa kwa sababu king'ora kimelia. Madukani kule majembe ya Uingereza yalining'inia kama ndizi, mepesi, yanang'aa, bei rahisi. Watu waliyanunua. Guka hakutishika. Baada ya msimu mmoja waliyaleta kwake yakiwa yamekatika, naye akayafua upya akicheka. "Wazungu wamenitumia kazi kwa meli," alisema.

Nakwambia hayo ili ujue kwamba guka hakushindwa sokoni. Shika neno hilo.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, wakoloni wakiwasaka waasi wa msituni. Tulihamishiwa kwa nguvu kwenye kijiji cha safu, nyumba zimepangwa mistari chini ya ulinzi, na guka akajenga kibanda kingine kando ya lile jiwe lake, ambalo kwa bahati lilikuwa jirani. Haikuchukua muda amri ikasomwa: mhunzi yeyote aache kazi na kupeleka vifaa vyake ofisini kwa chifu, kwa sababu panga na simi zinatoka kwa wahunzi. Panga za Uingereza ziliendelea kuuzwa Thika, mradi uwe na barua ya chifu. Kumbe panga ikivuka bahari haina hatari! Nina zaidi ya miaka themanini na jambo hilo bado linanichemsha damu.

Guka hakupeleka kitu. Wakaja homugadi watatu, vijana wa kwetu waliokuwa wakilinda kijiji kwa bunduki za serikali, pamoja na karani wa chifu. Guka aliketi kwenye kigoda chake. Lakini kwetu nyundo ya mhunzi haishikwi na mtu asiye wa ukoo wa wahunzi. Ukiishika, nyumba yako inakauka, hupati mtoto. Basi wale mashujaa wakasimama nje ya kibanda kama wameona siafu.

"Ingia wewe."

"Niingie mimi? Mke wangu ana mimba!"

"Na mimi ndio sina mke kabisa, sasa unataka nisipate?"

Karani, aliyekuwa amesoma, hakuwacheka. Naye pia hakuingia. Alinitazama mimi, akaniita pembeni kwa upole. Shule yetu ilikuwa imefungwa na serikali, na kupokewa katika shule ya misheni kulihitaji barua ya chifu. Akasema, "Wewe ni damu yake, haitakudhuru. Beba vitu hivi mpaka ofisini, na barua nitaandika leo leo."

Niliingia. Nilifungua mivukuto, nikaikunja. Nikaokota nyundo, bado ina joto la kiganja. Guka angeweza kunizuia kwa neno moja tu. Aliniangalia kama anavyoangalia chuma akingoja kiive, halafu akageuza uso.

Nikatembea mbele ya watu wenye bunduki, kichwa juu, nikijiona mkubwa. Nilipewa barua. Cucu alinipikia githeri, mahindi na maharagwe, jioni hiyo, na guka hakula.

Baadaye alipata kazi kiwandani Thika, kupaka mashine grisi. Aliondoka king'ora cha kwanza kikilia, kibati chenye namba shingoni, yeye ambaye ng'ambo ya mto walimjua kwa mlio wa nyundo.

Mimi nilisoma. Nilikuwa wa kwanza darasani kila mwaka, nikafika Uingereza, kwenye mji wa chuma ambako nyundo za mvuke zilitikisa vikombe mezani. Siku moja mwalimu akatueleza jinsi viwanda vya Ulaya vilivyobadili dunia, na kwamba ufundi wa mikono wa Afrika ulikufa wenyewe kwa kushindwa kushindana. Nikanyanyua mkono. "Haukufa wenyewe, bwana. Niliubeba mimi mpaka ofisini." Wenzangu walidhani ni mzaha.

Niliporudi na diploma yangu, nikamwonyesha guka muhuri. Akaushika kwa vidole vya grisi, akauliza, "Sasa unaweza kutengeneza jembe?" Nikacheka, nikamwambia sisi wenye diploma hatutengenezi, tunasimamia. Akanirudishia karatasi. Hakuuliza tena mpaka alipoingia kaburini.

Leo pale Theta pamejengwa nyumba za kupangisha, ghorofa nne. Fundi mwashi aliniambia bila haya kwamba lile jiwe jeusi walilivunja kokoto. Ya nyundo hakuna anayejua.

Basi juzi, kwa sababu ya mdomo wa yule kijana, niliwasha makaa uani na kulitia jembe langu motoni. Kwa hesabu, najua chuma hugeuka tabia kwenye joto gani. Niamshe usingizini nitakutajia. Lakini guka hakuwa na kipimo, alitazama rangi, na rangi hiyo sikuwahi kuiuliza. Nililitoa nilipodhani, nikaliweka juu ya jiwe la kufulia nguo. Mapigo mawili mazito, moja jepesi. Kwenye lile jepesi jembe likakatika.

Vipande viko mlangoni. Mvua imeshaanza na maharagwe hayajapandwa. Kesho nitakwenda Ruiru, kwa kijana yule yule, nitatoa pesa na kununua jingine kama lile, na acha anicheke.