Kitanzi cha Paraska

Asubuhi ya mwisho waliyoamka pamoja, Paraska aliunguza kahawa, lawama akampa mumewe.

“Umenisemesha, Orest.”

“Nilikuwa nimelala!”

“Basi ulikoroma kwa sauti ya kuuliza.”

Orest aliinywa hivyo hivyo.

Ilikuwa Alhamisi, siku ya treni. Zamani treni ilisimama katika mji wao wa Brasko, ikapakia ngano, ikashusha watu na barua. Tangu ghala la ngano libomolewe, ilipita tu, kama mtu asiyetaka kusalimiwa. Paraska ndiye aliyekuwa karani wa stesheni. Maagizo alimpa dereva treni ikiwa mwendoni: karatasi hufungwa kwenye kitanzi cha mti chenye mpini mrefu, kinainuliwa, dereva anapenyeza mkono, anakwenda nacho. Stesheni ilipofungwa, Paraska alirudi nyumbani na kitanzi. Tangu hapo, kila Alhamisi, alifunga humo pirizhki, vimkate vyake vya kabichi, na dereva Lorne hakuwahi kuvikosa.

Alhamisi hii ilikuwa ya mwisho. Reli ingeng'olewa.

“Leo itasimama,” Paraska alisema, akijifunga kilemba chake cha maua.

“Treni nzima, Paraska? Kwa ajili ya kabichi?”

“Mji huu imeuzaa yenyewe. Haiondoki bila kuaga.”

Jirani yao Wasyl alikwisha kufika relini na kiti chake. “Shemeji, mimi mke wangu mwenyewe aliondoka bila kuaga!”

“Alikuaga mwaka mzima, Wasyl. Wewe ulikuwa unatazama hoki. Hebu inuka, nakitaka kiti.”

Treni ikatokea, ikipiga honi. Paraska akainua kitanzi. Lorne akatoa mkono, akadaka. Kitupu! Beseni la pirizhki lilikuwa limekaa kwenye kiti cha Wasyl, linafuka mvuke.

Mabehewa yakapita. Yakazidi kupita. Orest alimtazama mkewe, akaona kidevu kinamtetemeka. Akamshika mkono.

Ndipo breki zikalia. Mabehewa yakagongana toka mwanzo hadi mwisho, na treni ikasimama Brasko.

Lorne alirudi kwa miguu, kitanzi begani, anahema na kucheka. Watu wote wa mji walitosha kuzunguka kiti kimoja. Walikula, wakaimba, Wasyl akaimba vibaya. Kisha Lorne akamuaga kila mmoja kwa jina lake, hata mbwa.

Usiku ule Paraska alilala, hakuamka.

Reli haipo sasa. Kitanzi kinaning'inia juu ya birika la kahawa. Orest akikitazama, machozi humlenga. Halafu hukumbuka Lorne alivyouliza, mdomo umejaa: “Mama Paraska, na nisingesimama je?” Hapo hucheka peke yake jikoni, maana jibu analisikia kama lilivyotoka:

“Ungekwenda na njaa yako, mwanangu, na sisi tungekula huku tunakusengenya mpaka kabichi iishe.”