Kamba ya Mafundo Mawili

Ukiniona leo nimejaza kiti na mwili mwingine umebaki nje, usidhani ni uzee. Hizi nyonga nilizitafuta. Nilizitafuta kwa wivu, mwaka wa sabini na nne, hapa hapa Burumba, na aliyenitia wivu ni mume wangu Bwire na pikipiki yake.

Bwire alikuwa fundi wa kinu cha posho. Mtu mpole, mwenye unga masikioni hata siku ya Krismasi. Akiwa kijana aliwabebea wapima ardhi mizigo kwenye milima ya Samia, akalala nao kwenye hema, na tangu hapo nyumba ikawa inamkaba. Jumamosi saa sita anafunga hema, sufuria na viazi vitamu, huyo. Pikipiki anaiacha chini kwa boma la watu, anapanda kwa miguu, analala juu kwenye mawe, anarudi Jumapili akinuka moshi na kuchekacheka peke yake. Majirani wakaniuliza, "Mama Callistus, mzee wako amekosa kitanda?" Nikawajibu wanaolala nje ni fisi. Nilisema hivyo mara moja tu, lakini yeye alikuwa amesimama pale, na hakuwahi kuniambia twende.

Pikipiki yenyewe aliinunua Malaba ikiwa ndani ya magunia mawili. La tatu halikuonekana. Vilivyokosekana akavitengeneza: bomba la moshi alilitoa kwa kinu, madigadi akaikata kwa debe la mafuta taa. Siku ya kwanza kuiwasha, ng'ombe wa Tororo, ng'ambo kule, walitoa maziwa bila kukamuliwa. Mimi sikuwaona, lakini nimeongea na mtu aliyeyanywa hayo maziwa.

Basi, siku moja namkuta nyuma ya kinu anachomelea kiti cha pili. Kipana, kina vyuma vya kushikia huku na huku, na springi za lori chini yake.

"Hicho ni cha nani?"

"Cha mzigo."

"Mzigo gani unataka mahali pa kuweka mikono?"

Akashusha miwani yake ya kuchomelea.

Wiki hiyo nikifua shati lake nikapata kamba mfukoni, ina mafundo mawili. Nikajua ni kipimo cha kiti. Nikaiweka nyuma yangu: fundo moja likakaa kwenye nyonga, lingine likabaki hewani. Wakati huo nilikuwa mwembamba, nikisimama karibu na mchi watu wanachukua mimi wanatwanga. Kwa hivyo kiti hakikuwa changu.

Nikamfikiria Roselida mshonaji. Ni yeye aliyemshonea Bwire hema kwa turubai la lori, na juu ya cherehani yake niliona kifuniko chekundu cha kiti. Nikaenda.

"Roselida, geuka nikupime."

"Unanipimia nini, jeneza?"

"Kiti."

Nikanyoosha kamba. Ilimpita huku na huku. Roselida akaichukua, akaitazama, akacheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. "Mama Callistus, kama kuna mwanamke wa kiasi hiki na mzee wako, si ungemwona ukiwa Malaba?"

Wiki mbili niliangalia nyonga za soko zima. Nilisahau nyuso za watu.

Jumamosi iliyofuata Bwire aliondoka mapema, akashika njia ya Budalang'i. Nikapanda lori la wachuuzi wa samaki nikamfuata. Na wapi naikuta pikipiki? Kwa boma la mama yangu mzazi. Na juu ya kile kiti chekundu ameketi nani? Mama yangu, Nerima, amekienea kama kimemwota.

Sasa elewa. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawagusani. Hata wakisalimiana, mmoja anakuwa nyuma ya ukuta. Ndiyo maana Bwire alikigeuza kile kiti kiangalie nyuma, na kati ya mgongo wake na wa mama akafunga uteo wa kupepetea.

"Mama, unaenda wapi na mume wangu?"

"Mlimani. Jioni atanirudisha. Tangu nizaliwe naiona hiyo milima kutoka mlangoni, na kila mwaka mto unapita kitandani kwangu. Nataka kukaa mahali ambapo maji yakinitaka, yapande."

"Na kipimo alikipata wapi?"

Bwire akajibu akiangalia mbele. "Alipoinuka, nilipima alama aliyoacha kwenye mchanga. Sikumgusa. Ningekuambiaje jambo kama hilo?"

Wakaenda, wakaniacha kwa vumbi.

Unadhani wivu uliisha? Ndio ulianza. Mama akawa anakuja Ijumaa na lori la samaki, analala kwa kaka yangu Ogutu, Jumamosi anapanda. Wiki nne. Akirudi ananihadithia jinsi ziwa linavyong'aa, na paa la nyumba yake lilivyo dogo kama punje. Ananihadithia mimi, mwenye mume.

"Na mimi je?" nikamuuliza Bwire.

Akaangalia kiti, akaniangalia. "Hicho si saizi yako. Utarukaruka humo, nikifika Funyula niko na kiti kitupu."

Basi nikala. Nilikula ugali na samaki wa kamongo, mafuta yakinitiririka mpaka kiwiko. Karanga zilitoka Moding kwa gunia, na gunia lenyewe liliponea chupuchupu. Roselida alinipanulia gauni mara tatu, na kila mara tulitoa kamba tukapima.

Siku fundo la pili liliponigusa, nilienda kinuni nikamwekea Bwire ile kamba mkononi.

Jumamosi mama akaja na kikapu chake, akanikuta juu ya kiti.

"Mwanangu, shuka."

"Mama, kiti kimenishika."

Na ilikuwa kweli. Vyuma vilinibana hata ningetaka kushuka nisingeweza. Nikapeleka mkono nyuma, nikafungua uteo, nikampa mama akapepetee wimbi.

"Mwambie basi atengeneze kingine," mama akasema.

Mgongo wa Bwire kwenye wangu ulikuwa na joto, na unga.