Rangi Ndani ya Tundu

Mkaguzi wa magari ya zamani hana pupa. Huvua saa na pete asije akakwaruza bodi, humtaja Mungu, ndipo huingiza kidole kwenye matundu ya skrubu. Kiwandani walitoboa kwanza, wakapaka rangi baadaye. Tundu la kweli lina rangi mpaka ndani.

Siku hiyo gari lilikuwa la shemeji yake. Mnunuzi alingoja neno moja tu, kuhusu lile tangi kubwa la mafuta, la magari ya mashindano, ambalo kiwanda kiliwawekea wateja wachache mno. Kidole kikatoka kwenye matundu ya tangi na kutu; ndani hamkuwa na rangi.

“Shemeji, sema ni la kiwandani,” mwenye gari akamnong'oneza. “Dada yako atakulaumu.”

“Dada yangu ananijua tangu utotoni. Mgeni ni wewe.”

Akafuta kidole taratibu, akamgeukia mnunuzi.

“Gari zuri, bwana. Tangi limefungwa mtaani.”