Jina la Mbwa wa Baba Mdogo

Neno mbwa tunalitumia zaidi kwa watu kuliko kwa mbwa. Mwizi ni mbwa, mume asiyerudi nyumbani ni mbwa, mtoto asiye na pa kulala ni mbwa koko. Mbwa mwenyewe, tukimpenda, tunamwita Simba.

Baba mdogo hakumwita wake Simba. Baba yangu alipofariki, mama alikataa kurudi kwao Ukerewe. Alibaki kwenye nyumba yetu ya Ilemela, kiwanja kimoja na baba mdogo, shemeji yake, ambaye alikitaka chote. Ndipo baba mdogo akaleta mbwa, akampa jina Hanakwao. Kumsema jirani kupitia jina la mbwa si jambo geni mtaani kwetu, na lina kanuni yake: ukigeuka, umeitika.

Kila jioni alisimama kwenye mawe nyuma ya jiko letu. "Hanakwao! We Hanakwao! Njoo ule makombo!" Mama aliendelea kupara samaki. Nilipomwambia amjibu, alisema, "Mwanangu, nikigeuka tu, jina ni langu." Miaka ikapita hivyo, hakugeuka. Nilimchukia yule mzee kwa moyo wangu wote, na sijaacha.

Mama alitaka jambo moja tu, azikwe kando ya mumewe. Siku ya msiba wake baba mdogo hakuweza kukataa, ukoo mzima ulikuwa umejaa chini ya turubai. Akasimama mbele ya jeneza na leso yake mkononi.

"Shemeji yetu hakuwa mgeni," alisema. "Hapa palikuwa kwao."

Watu waliguna kwa huruma.

Mbwa, naye mzee sasa, akapenya katikati ya viti akajilaza kando ya jeneza. Baba mdogo akamkemea kwa sauti ya chini, "Toka! We mbwa, toka!" Mbwa hakutikisa hata sikio. Alizoea kuitwa kwa jina lake, na aliyempa jina hilo hakuthubutu kulitamka mbele za watu.

Babu mmoja aliyetoka Ukerewe kuja kumzika mama akauliza, "Kwani mbwa huyu anaitwaje?"

Baba mdogo akakunja leso yake.

"Shikamoo, babu," nikasema, kwa sauti ya kufika hadi nyuma. "Anaitwa Hanakwao."

Mbwa akainuka mara moja, akamwendea baba mdogo, akaketi miguuni pake kungoja makombo.