Pini Niliyoikereza

Juzi mteja alifika karakana yangu hapa Milanzi na pini ya tela iliyokatika. Aliuliza nimkerezee mpya kwenye mashine au atafute ya kufuliwa kwa moto na nyundo. Nikamwambia, "Tafuta ya kufuliwa, kaka," akashangaa, maana mashine ya kukereza ndiyo inayonilisha. Wewe rafiki yangu nitakwambia sababu, ingawa naona aibu.

Nililelewa Pito na babu yangu, mhunzi. Asubuhi, baridi ya Ufipa ikikata masikio, sisi wajukuu tuligombania mivukuto ya kupulizia moto, maana kwenye moto ndiko kulikokuwa na raha. Bibi alituletea uji wa ulezi humo humo kibandani, ukaingia majivu, tukaunywa hivyo hivyo. Babu alisema chuma kina nyuzi kama mti: ukikifua zinajikunja pamoja nacho, ukikichonga unazikata. Niliamini hivyo mpaka nilipokwenda shule ya ufundi, nikarudi likizo msichana wa kidato cha pili anayejiona fundi kumpita babu yake.

Nilirudi na pini niliyoikereza mwenyewe kutoka kwenye kipande kinene cha chuma, inang'aa kama kijiko kipya. Wakati huo jirani yetu, mfugaji aliyehamia kutoka Usukumani, alikuwa ameacha mkokoteni wake kwa babu atengenezewe pini ya kushikia mti wa nira. Ile aliyoifua babu ilikuwa nyeusi, ina makovu ya nyundo. Niliionea haya. Jumapili wote walipokwenda misa, nikabaki kupika maharage. Niliichomoa ya babu, nikaipunguza yangu kwa tupa mpaka ikaingia, nikaipaka grisi.

Jumatatu jirani aliuchukua mkokoteni, na kwenye mteremko pini ikakatika chini ya kichwa, pale nilipoichonga kona kali. Mkokoteni ukamgonga maksai, akavunjika mguu. Jirani alirudi na vipande mkononi, watu wamemfuata.

"Shikamoo, mzee. Hebu tazama kazi yako."

Babu alivigeuza vipande, akafuta grisi kwa kidole gumba. Akanitazama mara moja tu. Mimi nikainama kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Kilichotoka kwenye kibanda changu ni changu," akasema. "Nisamehe, jirani." Akaenda zizini akamtolea maksai wake mwenyewe.

Baada ya hapo watu walianza kupeleka majembe yao mjini, mmoja mmoja. Mivukuto ikakauka ngozi, panya wakaitafuna. Kila likizo nilimwamkia babu, akaniitikia marahaba na kuniuliza habari za masomo, hasa ya mashine. Nafasi ya kusema nilikuwa nayo miaka yote hiyo, na nikamzika bila kusema.

Siku hizi kibanda hakipo, wamelima mahindi. Mwaka jana tulipokwenda Pito, mwanangu aliuliza kwa nini babu yangu aliacha uhunzi. Mzee mmoja wa pale akanitangulia kujibu: mkono ulimwisha, akaanza kuharibu kazi za watu. Mwanangu akanigeukia kuhakikisha.

Nikamwambia ndiyo.