Pweza wa Mke Wangu Kaliwa na Khamis

Leo nimeona wivu, wala sioni haya kusema.

Mke wangu anauza sabuni za mwani kwenye tovuti tuliyoitengeneza ofisini, hapa mjini Chake. Mteja akiandika anwani ya tovuti kwa herufi kubwa, au akizidisha slashi, kile kimstari cha mshazari, ukurasa haufunguki. Jibu langu siku zote: "Waambie waandike sawasawa!"

Asubuhi Khamis, mgeni wetu kazini, kaweka programu ndogo mlangoni mwa tovuti. Anwani ikija imepinda, inainyoosha kwanza, ndipo inaiingiza ndani.

Mistari michache tu, jamani!

Adhuhuri mke wangu huyo, na pweza wa nazi. Nikakimbilia kunawa mikono.

"Huyu wa Khamis, wateja wangu wote sasa wanaingia," akasema. "Wewe una dagaa, wapo nyumbani."

Na kamletea kwenye hotpoti yangu!

Nyie mngenyamaza?